Carey Francis: Mwanahisabati aliyeiacha Cambridge akafundishe hesabu Maseno

Kabatoro, hesabu haiishii darasani. Kando ya ziwa la chumvi la Katwe, wilayani Kasese, chumvi huvunwa katika vidimbwi vyenye wenyewe, hujazwa kwenye magunia na kutafutiwa soko. Anayeuza ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera, hulazimika kugeuza shilingi za Uganda kuwa faranga za Kongo kichwani, kabla mnunuzi hajabadili nia. Hata hivyo, mtoto wa mfanyabiashara huyo aweza kuwa hodari sokoni, kisha akaingiwa na hofu mwalimu anapoandika swali la hisabati ubaoni. Wala hana pa kulikwepa somo hilo, kwani hutahiniwa amalizapo shule ya msingi na hubaki la lazima hadi mwaka wa nne wa sekondari.

Kwamba hofu hiyo hutegemea sana ni nani asimamaye mbele ya darasa, ushahidi mmoja upo katika maisha ya Edward Carey Francis, mmoja wa walimu waliojulikana zaidi katika historia ya Afrika Mashariki. Mstari wa Ikweta unaokata barabara ya Kasese pale Kikorongo, hatua chache za safari kutoka Katwe, hupita pia Maseno, magharibi mwa Kenya. Huko ndiko mwanahisabati huyo alikoanza kazi iliyompatia jina.

Francis alizaliwa London mwaka 1897. Baada ya kutumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, alisoma hisabati katika Chuo cha Trinity, Cambridge, akafaulu kwa kiwango cha juu. Akiwa bado kijana alichaguliwa kuwa mhadhiri wa Chuo cha Peterhouse katika chuo kikuu hichohicho. Mwaka 1928 yeye na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zao, walitoa kitabu cha mazoezi na majibu juu ya mifululizo ya namba isiyo na kikomo. Njia ya heshima na utulivu ilikuwa wazi mbele yake.

Mwaka huohuo aliiacha. Alijiunga na misheni ya Kianglikana ya CMS, akasafiri hadi Kenya kuwa mkuu wa Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na misheni hiyo mwaka 1906. Mtu aliyekuwa akishughulika na namba zisizo na mwisho sasa alikabidhiwa vijana waliohitaji kwanza kuielewa sehemu na desimali.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito wake. Katika enzi ya ukoloni, wengi wa waliokuwa na madaraka waliamini kuwa Mwafrika alifaa zaidi kufundishwa useremala, uashi na kilimo, na kwamba elimu ya nadharia ilikuwa juu ya uwezo wake. Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo angeliingia darasani akiwa ameshindwa kabla ya kushika kalamu. Francis hakupunguza kipimo kwa sababu wanafunzi wake walikuwa Waafrika. Aliwadai usahihi, bidii na kazi safi, na kwa kuwadai hivyo aliwaonyesha kuwa anawaona wanaweza. Tena aliandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za msingi, vilivyotumiwa na watoto wengi wa Afrika Mashariki ambao hawakupata kumwona kamwe.

Mwaka 1940 alihamia Shule ya Sekondari ya Alliance, katika eneo la Kikuyu karibu na Nairobi, akawa mkuu wake kwa miaka 22. Chini ya uongozi wake wanafunzi walikalia mtihani wa Cambridge, uleule uliofanywa na vijana wa shule za Kizungu, na matokeo yao yakaijengea shule hiyo sifa kubwa. Wengi waliendelea hadi Makerere. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mawaziri kadhaa wa serikali ya kwanza walikuwa wamepitia Alliance.

Hakuwa mtu asiye na dosari. Nidhamu yake ilikuwa kali. Alidumu kuwa na mtazamo wa mlezi anayedhani anajua zaidi ya wale anaowalea, na hakuwaamini wanasiasa waliodai uhuru upesi. Jaramogi Oginga Odinga, aliyewahi kufanya kazi chini yake Maseno, alipishana naye vikali. Wakati wa vita vya Mau Mau, Francis aliwapinga wapiganaji, lakini pia alikemea waziwazi ukatili wa vyombo vya usalama dhidi ya raia. Vijana aliowafundisha kutokubali jibu lisilo na hoja walikuja kuipima serikali ya kikoloni kwa kipimo hichohicho, hata pale mwalimu wao alipositasita.

Alipostaafu Alliance mwaka 1962, Francis alikuwa na kila sababu ya kurejea kwao Uingereza. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, akaajiriwa katika shule ya sekondari ya huko akiwa mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine. Aliyewafundisha mawaziri alirudi kushika chaki na kusahihisha madaftari ya watoto ambao hakuna aliyewatazamia makubwa.

Yamkini hapo ndipo panapoonekana siri ya kazi yake. Mwanafunzi huogopa hisabati anapohisi kwamba somo hilo ni la watu wengine, wenye akili za namna nyingine. Mwalimu anayelijua somo hadi kilele chake, kisha akashuka hadi hatua ya kwanza pasipo kuona haya, humwondolea mwanafunzi dhana hiyo. Kwa mtoto wa Kabatoro, ambaye tayari anajua gunia la chumvi litaleta faida gani, huenda kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kuwa alichokifanya sokoni ndicho hichohicho kilichoandikwa ubaoni.

Carey Francis hakuoa wala hakuacha mali ya kusimuliwa. Alifariki dunia Nairobi mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 68, akiwa angali mwalimu wa Pumwani.