Chunjua za mtoto na kisa cha Henrietta Lacks

Binti yako amerudi kutoka shuleni pale Yakobi ana chunjua vidoleni, nawe umesikia kuwa chunjua na saratani ya mlango wa kizazi vyote huletwa na virusi vya HPV. Ni kweli, lakini usikimbilie kuziunguza. Kwanza mfahamu Henrietta Lacks.

Mama huyu Mmarekani mweusi alizaliwa mwaka 1920, akakulia Virginia kwenye mashamba ya tumbaku, akazaa watoto watano. Januari 1951, akitokwa damu isiyo ya hedhi, alikwenda hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ambako weusi walilazwa kwenye wodi zao za pembeni. Alikutwa na uvimbe kwenye mlango wa kizazi. Walikata kipande bila kumwomba ruhusa, wakakipeleka maabara. Alifariki Oktoba 4, 1951, akiwa na miaka 31.

Seli za uvimbe ule hazikufa. Zinazaliana maabara hadi leo, na familia yake ilikaa miaka zaidi ya 20 bila kuambiwa (jambo ambalo mimi bado linanikera). Miaka ya 1980, watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Harald zur Hausen walikuta ndani yake HPV aina ya 18.

Shika namba hiyo, maana aina za HPV ni zaidi ya 100 na hazifanani tabia. Chunjua za mikono na nyayo huletwa na aina kama 1, 2 na 4, ambazo hupenda ngozi tu. Nyingi huondoka zenyewe. Masundosundo ya sehemu za siri kwa kawaida ni aina ya 6 na 11, nayo ni nadra kuzaa saratani. Aina ya 16 na 18 ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hii, na hizo hukaa kimya miaka mingi bila kuotesha kinyama chochote cha kukushtua.

Kwa hiyo, mzazi, nina wasiwasi zaidi na wewe kuliko vidole vya mtoto. Yeye, akiwa na miaka 9 hadi 14, apate chanjo. Tangu 2024 ni dozi moja. Wewe uliyefika miaka 30, omba kupimwa kwa siki, ni dakika chache. Ukiishi na VVU hatari yako ni mara sita, basi usingoje umri huo. Na ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma, nenda kituo cha afya wiki hii.