Seraphino Antao na Jicho la Mteuzi

Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri niliketi chini ya mkungu, kando ya uwanja mmoja wa Kilifi, karatasi magotini na kalamu mkononi. Wazee wenzangu walikuwa wameniomba niwasaidie kuchagua vijana 16 wa kandanda kati ya 40 na zaidi, wapate kupelekwa Mombasa wakaonwe na timu zenye kulipa mishahara. Vijana wenyewe walitoka Malindi, pande za Shella na Maweni, wengine Takaungu, wengine Mnarani na Mtwapa. Tulipewa muda mpaka magharibi. Kila kijana nilimpa dakika chache za macho yangu, kisha mbele ya nambari yake nikaandika ndiyo au la.

Kijana mmoja mrefu nilimfuta upesi. Miguu yake ilikuwa mizito, akifika nusu ya uwanja anasimama kuvuta pumzi. Jua lilipokuchwa na adhana ikaadhiniwa, nikamwona kando ya bomba la maji akifungua kinywa kwa tende moja. Kumbe alikuwa amefunga sunna ya Alhamisi, na saa mbili alizokimbia mbele yangu alikimbia na saumu yake. Wakati huo karatasi yangu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Niliporudi Malindi usiku ule usingizi haukunijia. Mtu niliyemkumbuka hakuwa mchezaji mashuhuri wa kandanda, bali marehemu Seraphino Antao, mkimbiaji wa Mombasa. Vijana wetu wengi hawamjui, na hata sisi wazee tumeanza kumsahau. Kwa hiyo nimeona niwakumbushe wasomaji habari zake, kwa sababu ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi tunaojitia kuchagua watoto wa watu.

Antao alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937, katika jamaa ya Wagoa. Wagoa ni watu wa Goa, mwambao wa magharibi wa Bara Hindi, nchi iliyoshikwa na Wareno tangu 1510 hadi 1961. Kwetu sisi wa Malindi habari hizo si ngeni. Nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama ufukoni kwetu, na mwaka 1498 ni katika bandari yetu alikopata rubani wa kumvusha mpaka Calicut. Wagoa walikuja kufanya kazi katika miji ya pwani, wengine makarani, wengine mafundi wa nguo, wengine waalimu. Dini yao ni Ukristo na yetu ni Uislamu, lakini Mombasa tulikaa nao mtaa mmoja, tukanunua samaki soko moja, na watoto wetu wakacheza mpira uwanja mmoja.

Antao naye alicheza kandanda kama watoto wenziwe. Aliyemvuta katika riadha na kumfunza ni mkufunzi mmoja aliyekuwa Mombasa zama hizo, Ray Batchelor. Zilikuwa ni zama za ukoloni, miaka ya 1950, na viwanja vya kokoto na majani makavu. Batchelor aliiona mbio ya kijana huyu, akaona kwamba ndani yake mna kitu. Wengi huona hivyo, kisha wakaenda zao. Tofauti ya Batchelor ni kwamba hakwenda zake. Alibaki naye, akamfunza kuondoka kwenye mstari, kuinua goti na kutuliza mabega, siku baada ya siku na mwaka baada ya mwaka.

Mwisho wa miaka hiyo Antao alikwisha kuwa bingwa wa Kenya katika mbio za masafa mafupi. Mwaka 1958 alipelekwa Cardiff, katika nchi ya Wales, kwenye michezo ya nchi zilizokuwa chini ya Uingereza na zile za Jumuiya ya Madola. Huko Wakenya wawili walipata nishani za shaba: Arere Anentia katika maili sita, na Bartonjo Rotich katika yadi 440 za kuruka viunzi. Antao alirudi mikono mitupu. Mwaka 1960 akaenda Roma kwenye michezo ya Olimpiki, na huko pia hakufika fainali.

Hapa naomba msomaji atue kidogo. Kama angekuwa chini ya kalamu yangu mimi pale chini ya mkungu, habari ya Antao ingekwisha mwaka 1958. Na kama ningekuwa mpole sana, basi ingekwisha 1960. Kijana amepewa nafasi mbili mbele ya ulimwengu, na mara mbili ameshindwa. Mteuzi gani asingegeuza uso atafute mwingine? Lakini mkufunzi wake hakuihesabu hasara ya siku moja kuwa hasara ya mtu mzima. Wakarudi Mombasa, wakaanza tena.

Mwaka 1962 mambo yakageuka. Kwanza Antao alikwenda London kwenye mashindano ya ubingwa wa Uingereza, akashinda yadi 100 na yadi 220. Kisha mwezi wa Novemba akaenda Perth, Australia, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Siku ya ufunguzi joto lilipita digrii 40, na watu wa nchi za baridi wakateseka. Nasi watu wa mwambao tunalijua jua la kaskazi.

Katika yadi 100 macho yote yalikuwa kwa Harry Jerome wa Kanada, ambaye mwaka 1960 alikuwa ameifikia rekodi ya dunia ya mita 100 kwa sekunde 10.0. Bastola ikalia, na katikati ya fainali msuli wa paja la Jerome ukakatika. Antao akapita mbele kwa sekunde 9.5, akawa wa kwanza. Ndiyo nishani ya dhahabu ya kwanza kupatwa na Mkenya katika michezo hiyo. Baadaye akashinda na yadi 220, zikawa dhahabu mbili. Kenya ilikuwa bado haijapata uhuru, na aliyeitangulia wote alikuwa kijana wa bandarini.

Na huyo Jerome yake ni mafunzo pia. Msuli ulikuwa umemsaliti huko Roma vilevile, na magazeti ya kwao yakamwandika kuwa ni mtu wa kukata tamaa. Alipasuliwa mguu, akakaa kitandani, akajifunza kukimbia upya. Mwaka 1964 akapata nishani ya shaba ya mita 100 mjini Tokyo, na mwaka 1966 akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaika. Waliomhukumu kwa siku mbili mbaya waliaibika.

Huko huko Kanada na Marekani, ambako michezo ni biashara kubwa, wamewahi kuitafutia dawa kazi hii ya uteuzi. Wana mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu, wachezaji wakiteleza kwa viatu vyenye vyuma. Zamani timu ziliweza kumfunga mtoto kwa mkataba akiwa na miaka 14. Mwaka 1963 timu sita za ligi kuu ya malipo zikakutana Montreal, zikaanza utaratibu wa kuteua vijana kwa zamu. Siku ile waliteuliwa 21, wa kwanza akiwa Garry Monahan, mwenye miaka 16. Wateuzi walikuwa ni watu wa kazi hiyo, japo vijana wengi hodari walikuwa tayari wamefungwa na mikataba ya zamani. Katika hao 21, waliofika kuicheza ligi kuu ni watano tu. Ikiwa hao wenye fedha na ujuzi walikosea kiasi hicho, mimi na kalamu yangu chini ya mkungu ni nani?

Turudi kwa Antao. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwaka uliofuata ikaenda Tokyo kwa mara ya kwanza ikiwa dola huru. Aliyeibeba bendera siku ya ufunguzi ni Seraphino Antao. Nishani hakupata, nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ilipatwa hapo na Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800. Baada ya Tokyo Antao aliacha mashindano, akahamia London, akaishi huko mpaka alipofariki Septemba 2011, akiwa na miaka 73.

Miaka iliyofuata jina la Kenya lilipaa kwa mbio ndefu, na macho ya wateuzi yakaelekea milimani. Huku kwetu njia yenyewe ilikuwa ngumu. Mpaka daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, kijana wa Malindi aliyetaka kuonekana Mombasa ilimbidi asubiri feri hapo Kilifi, na ikichelewa, mashindano yamempita. Ilikuwa tarehe 3 Agosti 2022, miaka 60 baada ya Perth, ndipo Mkenya mwingine, Ferdinand Omanyala, aliposhinda mbio za mita 100 za Jumuiya ya Madola huko Birmingham. Naye huyo alianza katika raga, kabla ya kuingia riadha. Siamini kuwa katika miaka 60 hiyo Mungu hakuijalia nchi hii miguu mingine myepesi. Naamini ilikuwapo, ila haikupata mtu wa kukaa nayo.

Mizani yetu sisi wateuzi hupima siku moja. Haipimi njaa ya kijana, wala saumu yake, wala mwendo aliotembea kutoka Takaungu kwa kukosa nauli. Antao alipimwa kwa miaka, na ndiyo maana alionekana uzito wake.

Asubuhi ya Ijumaa niliwaendea wazee wenzangu, nikawaeleza kosa langu, nikawaomba orodha isipelekwe bado. Niliwataka tuwatazame vijana wote kila Jumamosi kwa muda wa mwezi mmoja, ndipo tuandike. Wawili wamekubali. Wa tatu asema gari limekwisha kulipiwa na watu wa Mombasa hawatangoji. Huenda ni kweli. Mimi nimemwambia kijana wa tende aje Jumamosi, akiwa amefunga au hakufunga, na mimi nitakuwapo.