Profesa Looss: tone moja ya mayi juu ya mkono

Wasomaji wetu, wengi wenu mulimwona mutu wa namna hii: alikuwa na nguvu, kiisha akaanza kuchoka bila kuumwa mahali. Macho yake ni meupe, moyo unapiga mbio akipanda ngazi, na wenzake ku kazi wanasema ni mvivu. Mara nyingi si uvivu. Kuna munyoo mdogo, mrefu kama sentimita moja tu, unaouma ndani ya matumbo na kunywa damu. Wakiwa mamia mu tumbo moja, baba wa familia anabaki bila damu. Leo tunawaletea maisha ya profesa aliyegundua mlango ambamo munyoo huo unapita.

Kwanza turudi kidogo nyuma. Kuanzia 1872 mpaka 1882 watu walitoboa mlima wa Gothard, kule Uswisi, ili treni ipite chini yake. Njia hiyo ina urefu wa karibu kilomita 15. Wafanyakazi, wengi wao Waitalia, walianza kukosa damu, na wengi walikufa. Watu walisema ni hewa mbaya na moshi wa baruti. Mwaka 1880, Profesa Perroncito wa Turin alionyesha kama ni minyoo. Ugonjwa ule ule ulionekana kiisha mu mashimo ya makaa ya Liège kule Ubelgiji, na ya Ruhr kule Ujerumani. Munyoo sasa ulijulikana. Lakini unaingia namna gani? Wanganga karibu wote walisema: kwa kinywa, na mikono michafu na mayi machafu.

Arthur Looss alizaliwa Chemnitz, Ujerumani, mwaka 1861. Alisoma biolojia ku universite ya Leipzig, kwa Profesa Leuckart, aliyejulikana sana juu ya minyoo. Mwaka 1893 alikwenda Misri kutafuta namna bilarzioze inaingia mu mwili. Nchi hiyo ilimshika. Akawa profesa ku masomo ya wanganga ya Cairo, akifundisha wanafunzi habari ya minyoo, na alibaki kule mpaka 1914.

Siku moja mu laboratwari yake alikuwa akitia watoto wa munyoo ule mu kinywa cha wanyama wadogo wa majaribio. Tone moja ya mayi ikaanguka juu ya mkono wake. Mutu mwingine angaliipangusa tu na kuendelea. Kisha dakika chache ngozi ikawa nyekundu na kuwasha. Looss akajiuliza juu ya nini. Akachukua tone ingine, akaiweka yeye mwenyewe ku ngozi, akangoja. Ikawasha tena. Alipotazama mayi yaliyobaki ndani ya mikroskopi, aliona kama watoto wa munyoo wamepotea karibu wote. Maganda yao tu ndiyo yamebaki. Walikwenda wapi? Miezi ikapita, na mu choo chake mwenyewe akakuta mayai ya munyoo. Jibu alilibeba tumboni.

Alipotangaza jambo hilo mwaka 1898, wakubwa wa elimu wengi hawakukubali. Walisema labda alikula uchafu bila kujua. Basi akaweka tone juu ya mguu wa kijana mmoja wa Misri, mguu ambao wanganga walikuwa karibu kuukata kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Saa moja kiisha mguu ukakatwa, na ndani ya ngozi yake minyoo ilikuwa ikiingia. Tuseme wazi: leo hakuna munganga mwenye haki ya kufanya hivyo juu ya mtoto wa mutu bila ruhusa.

Kiisha, kwa miaka mingi, alifuata safari yote kwa kupasua mbwa wadogo. Iko hivi: munyoo unatoboa ngozi, unaingia mu damu, unafika mu moyo na mapafu, unapanda ku koo, unamezwa, na ndipo unafika mu matumbo. Hapo tukaelewa habari ya mashimo. Chini ya udongo kuna joto, kuna mayi, jua halifiki. Mutu mmoja mgonjwa akienda choo pembeni, mayai yanatoka, watoto wa munyoo wanangoja mu matope, na mwenzake anapita miguu mitupu.

Lakini maisha ya profesa huyu yana upande mwingine, na hatutauficha. Juu ya bilarzioze, kile kilichomleta Misri, alikosea. Alionyesha vizuri kama mnyama mdogo anayetoka mu yai anakufa ndani ya asidi kama ile ya tumbo. Basi haingii kwa kunywa, anaingia kwa ngozi. Hapo alisema kweli. Lakini alitafuta ndani ya konokono, hakukuta kitu, akashika neno kama mnyama huyo anatoka mu mayi na kuingia moja kwa moja mu mutu. Wengine walikuwa na mashaka, yeye akakataa, na jina lake lilikuwa kubwa. Mwaka 1915, Mwingereza Leiper alionyesha kule kule Misri kama lazima munyoo ukae kwanza ndani ya konokono. Looss alikuwa ameondoka sababu ya vita. Alikufa Giessen, Ujerumani, mwaka 1923.

Sisi tunaona kama mutu mmoja ametuachia masomo mawili. Pale aliposimama kujiuliza juu ya tone moja, aliokoa maelfu ya wafanyakazi. Pale aliposhika neno lake kwa nguvu, miaka ilipotea. Jina kubwa la profesa halitoshi. Kinachotosha ni kitu kilichopimwa.

Basi, baba, usishuke mu matope bila bote, na usiende choo pembeni ya kazi. Mama, mtoto asicheze miguu mitupu karibu na choo. Na mwenzenu akianza kuchoka bila sababu, musimwite mvivu: mumpeleke kwa munganga, choo chake kitazamwe mu mikroskopi.