Gilbert Walker, aliyepima mvua ya Zanzibar ili kujua mvua ya India

Kila ifikapo Septemba, ujumbe mwingi tunaopokea hapa redioni huwa na swali moja: je, mwaka huu kuna El Niño? Mkulima anataka kujua apande mbegu gani. Mfugaji anawaza mifugo aipeleke wapi. Aliyejenga bondeni anauliza kama ahame mapema. Jina hilo tulilizoea tangu mvua za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, zilizokata barabara na kuzamisha mashamba Kenya, Tanzania na Somalia.

Wataalamu wa hali ya hewa wanapojibu swali hilo, hawaangalii mawingu ya hapa. Wanaangalia joto la maji ya bahari upande wa pili wa dunia, pamoja na mgandamizo wa hewa katika vituo vilivyo maelfu ya kilomita kutoka kwetu. Njia hiyo ya kutazama mbali ili kujua ya nyumbani ina historia yake, na ndani ya historia hiyo yumo Mwingereza mmoja, Gilbert Walker. Imo pia mvua ya Zanzibar, kama tutakavyoona.

Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Utotoni alipenda vitu vinavyozunguka, na shuleni akang'aa katika hesabu. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1889 akawa wa kwanza kati ya wanafunzi wote wa hisabati waliomaliza mwaka huo. Baada ya hapo afya yake ilivunjika, ikabidi akae Uswisi vipindi vya baridi kali ili apone. Huko alijifunza kuteleza juu ya barafu, mchezo alioupenda maisha yake yote.

Kitu kilichompa umaarufu wa kwanza kilikuwa bumarangi, ule ubao uliopinda wa wenyeji wa Australia ambao ukirushwa vizuri hurudi kwa aliyeurusha. Walker aliurusha kwenye viwanja vya Cambridge, akaandika hesabu za kueleza kwa nini unarudi, na wenzake wakampachika jina la bumarangi. Alikuwa mtu wa namna hiyo, akiona kitu kinakwenda na kurudi hatulii mpaka akipigie hesabu.

Mambo ya mvua hakuyajua. Hata hivyo mwaka 1904 alikabidhiwa idara nzima ya hali ya hewa ya India, iliyokuwa koloni la Uingereza, na ofisi yake ikawa Simla, mji wa milimani chini ya Himalaya.

Ili kuona uzito wa kazi hiyo, turudi nyuma kidogo. Wakulima wa India hutegemea mvua za Juni hadi Septemba, zinazoletwa na upepo utokao baharini kusini-magharibi. Ni ndugu wa upepo wa kusi tunaoujua pwani ya Afrika Mashariki, maana ukishavuka ikweta hupinda kuelekea bara Hindi. Upepo huo ukilegea, mashamba hukauka. Mvua zilipokosekana kuanzia 1876, njaa iliyofuata iliua mamilioni ya watu, huku nafaka ikiendelea kupakiwa melini kwenda Ulaya. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ikataka idara yake ya hali ya hewa, iliyokuwa imeanzishwa 1875, itabiri mvua kabla ya msimu.

Mkuu wa kwanza, Henry Blanford, aliona kwamba theluji ikiwa nyingi Himalaya mwishoni mwa kipindi cha baridi, mvua ya India hupungua. Aliyemfuata, John Eliot, aliongeza dalili nyingine nyingi. Mwaka 1899 Eliot alitabiri mvua nzuri kuliko wastani. Ikaja ukame, na njaa kubwa nyuma yake. Magazeti yakamshambulia, na kwa miaka kadhaa utabiri ukawa siri ya serikali, hautolewi kwa wananchi. Miaka hiyohiyo njaa kali ilikuwa ikiua watu Ukambani na Ukikuyu, lakini huko hakukuwa na idara ya kulaumiwa.

Walker aliikuta ofisi katika hali hiyo. Alijua kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kueleza mvua za India zinatoka wapi hasa na kwa nini mwaka mwingine hazifiki. Akaamua kuacha kwanza swali la kwa nini, akauliza jingine: nini hutangulia? Kama kuna mahali popote duniani ambapo jambo fulani hutokea miezi kadhaa kabla ya India kupata mvua nyingi au chache, na likajirudia hivyo mwaka baada ya mwaka, basi jambo hilo ni dalili, hata kama sababu yake haijulikani.

Wazee wetu walifanya hivyo kwa miti inayochanua na ndege wanaohama. Tofauti ni kwamba Walker alitaka tarakimu. Hakukuwa na kompyuta. Alikuwa na makarani wa Kihindi waliokaa mezani wakizidisha na kugawanya kwa mkono, wakilinganisha miaka mingi ya takwimu za vituo vya kila upande wa dunia. Sifa zilikwenda kwa bwana mkubwa, lakini kazi hii ilibebwa na mikono yao, na majina yao hayatajwi panapotajwa lake.

Katika dalili chache zilizobaki baada ya kuchuja, nne zilitumika kwenye kanuni yake ya mwanzo. Ya kwanza ni theluji ya Himalaya. Ya pili ni mgandamizo wa hewa Mauritius, na ya tatu mgandamizo wa hewa Amerika ya Kusini. Ya nne ilikuwa mvua ya masika ya Zanzibar. Masika yakipiga sana Unguja, hesabu zilionyesha kwamba India ijiandae kupata mvua pungufu. Mwelekeo huo haukuwa na nguvu kubwa, lakini ulitosha kuingizwa katika hesabu. Kwa hiyo mvua iliyonyesha juu ya mikarafuu ilihesabiwa Simla, na kusaidia kukadiria kama mkulima wa bara Hindi atapata mpunga.

Tusimfanye Walker mtakatifu. Alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na utabiri ulimsaidia mtoza kodi pamoja na mkulima. Ila alikuwa na uaminifu ambao tungependa kuuona zaidi katika kazi hii. Alishikilia kwamba dalili zikiwa dhaifu, ni heri kunyamaza mwaka huo kuliko kutoa utabiri wa kubahatisha. Wengi waliamini kwamba madoa meusi yanayoonekana juani ndiyo huendesha mvua. Alipima imani hiyo kwa takwimu, akaona haina nguvu ya kutegemewa.

Kuna jambo jingine alilolifanya huko ambalo halihusu bahari, lakini hatuwezi kuliruka. Mwaka 1913 alipita Madras, akaonyeshwa daftari la karani maskini wa ofisi ya bandari. Akaona ndani yake hesabu zisizo za kawaida, na akakiandikia chuo kikuu cha huko kiombwe kumpa kijana huyo riziki ili asome. Karani huyo alikuwa Srinivasa Ramanujan, ambaye leo anahesabiwa kati ya wanahisabati wakubwa wa karne ya ishirini.

Hesabu za Walker zilipozidi kupanuka, kikaonekana kitu ambacho hakuwa amekitafuta. Hebu fikiria ubao mrefu uliolazwa juu ya gogo, mtoto huku na mtoto kule. Huyu akipanda, yule hushuka. Mgandamizo wa hewa ulikuwa ukifanya hivyo juu ya bahari kubwa za kusini. Ukipanda upande wa Pasifiki, hushuka upande wa Indonesia, kaskazini mwa Australia na Bahari ya Hindi. Baada ya miezi kadhaa au mwaka na zaidi, hugeuka. Katika maandishi yake ya 1923 na 1924 alikipa jina kitu hicho, Mpembeo wa Kusini kwa lugha yetu, na akaonyesha kwamba mvua za India na hata mafuriko ya mto Nile yana uhusiano nacho.

Mwaka huo wa 1924 alistaafu India, akapewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza, akaenda kufundisha London hadi 1934. Alipiga filimbi na kubuni namna ya kuiboresha. Lakini wataalamu wengi waliitazama kazi yake kwa shaka. Walisema kwamba ukilinganisha takwimu nyingi kiasi hicho, baadhi lazima zifanane kwa bahati tu, na huwezi kudai kwamba hewa ya Chile inajua habari za mvua ya Bombay bila kueleza inazijuaje. Lawama hiyo haikuwa ya bure. Miaka ilipoongezeka, baadhi ya dalili zake zilififia, na utabiri wa India haukuwa wa kutegemewa kama alivyotumaini. Lakini mpembeo wenyewe haukufifia.

Kilichokosekana ni bahari. Walker alikuwa na takwimu nyingi za hewa na mvua, lakini vipimo vya joto la maji katikati ya Pasifiki vilikuwa vichache mno. Naye alihisi kwamba hewa peke yake haiwezi kukumbuka jambo kwa miezi mingi. Upepo wa leo kesho haupo. Maji ndiyo hukumbuka.

Jaribu nyumbani: anika kipande cha bati na beseni la maji juani. Bati huchoma mkono upesi, na jua likizama hupoa upesi. Maji huchelewa kupata joto, na huchelewa vilevile kulitoa. Bahari ni beseni hilo likiwa kubwa kupita kiasi. Mita tatu hivi za juu za bahari zinaweza kuhifadhi joto sawasawa na hewa yote iliyo juu ya dunia.

Sasa tazama Pasifiki. Kwa kawaida, karibu na ikweta, upepo huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, ukisukuma maji ya juu yaliyopashwa na jua. Maji hayo hurundikana upande wa Indonesia mpaka uso wa bahari huko huwa juu kwa karibu nusu mita kuliko pwani ya Peru. Huko Indonesia hewa yenye joto na unyevu hupanda na kuangusha mvua. Upande wa Peru maji baridi hupanda kutoka chini kujaza pengo, na huja na rutuba inayolisha samaki wadogo jamii ya dagaa kwa wingi sana. Miaka mingine upepo hulegea, na maji ya moto hurudi mashariki. Samaki wa Peru hupotea, na mvua huhama pamoja na maji. Wavuvi wa huko walikuwa wakiliita joto hilo El Niño, maana yake mtoto wa kiume, kwa kumkumbuka Yesu, kwa sababu lilikuwa likija karibu na Krismasi.

Wavuvi walijua upande wa maji, na Walker alijua upande wa hewa. Vyote viwili ni kitu kimoja, ila kwa miaka mingi wataalamu hawakuviunganisha. Vipimo vilivyosaidia vilikusanywa 1957 na 1958, katika mwaka wa kimataifa wa kuchunguza dunia, ambao bahati nzuri ulikutana na El Niño kubwa. Walker alifariki tarehe 4 Novemba 1958, akiwa na miaka 90, wakati vipimo hivyo vikiendelea kukusanywa. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes, mtaalamu wa asili ya Norway aliyefanya kazi Los Angeles, alieleza jinsi upepo na maji ya Pasifiki vinavyosukumana. Mzunguko wa hewa inayopanda Indonesia na kushuka upande wa Peru akauita kwa jina la Walker.

Na sisi huku? Bahari ya Hindi nayo ina mpembeo wake. Kwa kawaida maji ya upande wa Indonesia ni ya moto kuliko ya kwetu. Miaka mingine hugeuka, maji ya karibu na pwani yetu yakapata joto, na vuli ikawa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na tena 2019. Wanasayansi wa India na Japani walilieleza jambo hilo na kulipa jina mwaka 1999. Ndiyo maana El Niño ya Pasifiki peke yake haitoshi kutuambia kila kitu. Ile ya 2015 ilikuwa na nguvu sana, lakini vuli yetu haikufika ile ya 1997. Na mikoa ya kusini mwa Tanzania, yenye msimu mmoja wa mvua, haifuati mkondo uleule wa maeneo ya vuli na masika.

Kwa hiyo mamlaka zetu zinapotangaza kwamba mvua zitakuwa juu ya wastani au chini ya wastani, huwa zimetazama bahari zote mbili kabla ya kusema, na husema kwa lugha ya uwezekano, kama Walker alivyotaka. Mvua ya Zanzibar haimo tena kwenye hesabu kama alivyoiweka yeye. Siku hizi Unguja na Pemba husubiri habari za maji ya Indonesia ili zijue vuli itakuwaje.