Mzaliwa wa Unguja na Santuri Iliyowaudhi Mashabiki

Wapenzi wasomaji, nyinyi mnaodhani kwamba muziki wa roki ni mambo ya Wazungu peke yao, safari hii jikazeni. Mwimbaji ninayetaka kuwasimulia alizaliwa hapa hapa jirani, kisiwani Unguja. Ukienda Mji Mkongwe utaikuta nyumba yenye jina lake kwenye barabara ya Kenyatta, na humo mna makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 2019. Huyu ni Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Wengi wetu tumeziimba nyimbo za bendi hiyo bila kujua ni za nani. Ule mdundo wa miguu miwili na kofi moja unaosikika uwanjani timu yetu ikicheza, ndio "We Will Rock You" ya mwaka 1977.

Sifa zake mtazipata kwingi, hata katika filamu iliyotoka mwaka 2018. Mimi nataka hasa kuwaeleza mambo ya mwaka 1982, pale mashabiki wake mwenyewe walipomnunia kwa sababu moja tu: alibadilisha mdundo.

Tuanze mwanzo. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya India, watu wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya Kiingereza pale kisiwani. Akiwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, huko Panchgani milimani. Nyinyi mnaolia siku ya kufungua shule, hebu fikirini bahari nzima iko kati yako na mama yako! Lakini huko ndiko alikojifunza piano, akaunda bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, na wenzake wakamzoesha jina la Freddie. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia yake ikakimbilia Uingereza, ikafanya makao Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana huyo aliwahi kubeba mizigo ya abiria katika uwanja huo huo.

Alisomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969. Mwaka 1970 alijiunga na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma, ambao bendi yao iliyoitwa Smile ilikuwa imeachwa na mwimbaji. Freddie ndiye aliyeibatiza bendi jina la Queen, na nembo yake akaichora kwa mkono wake. John Deacon, mpiga gitaa la besi, aliingia mwaka 1971, basi wakatimia wanne.

Sasa, ili mwelewe hasira za mwaka 1982, ni lazima kwanza mjue gitaa la Brian May. Gitaa hilo hakulinunua dukani. Alilitengeneza yeye na baba yake nyumbani kwa mbao za zamani, shingo yake ikichongwa kutoka katika ubao wa jiko la kuotea moto, na badala ya kipande cha plastiki alilipiga kwa sarafu ya senti sita za Kiingereza. Alikuwa akirekodi sauti ya gitaa hilo mara nyingi, moja juu ya nyingine, mpaka likavuma kama kundi zima la wapiga ala. Watu wakadhani ni sinthesaiza, yaani kile kinanda cha umeme kinachoweza kuiga sauti yoyote. Queen waliudhika. Wakawa wanaandika kwenye majalada ya santuri zao za mwanzo kwamba hawakutumia sinthesaiza hata moja. Mashabiki wakalichukua tangazo hilo kama kiapo. Kwao Queen ilikuwa bendi ya gitaa na jasho, na mambo ya vinanda vya umeme yalikuwa ya watu wengine huko.

Hata hivyo, ukichunguza vizuri utaona kwamba bendi hii haikukaa mahali pamoja tangu zamani. Mwaka 1975 Freddie alitunga "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika sita, mwanzo wa pole pole, katikati opera, kisha roki ya kupasua masikio. Waliambiwa redio hazitaupiga kwa urefu wake. Lo! Ulikaa nambari moja Uingereza kwa wiki tisa. Mwaka 1979 alitoa "Crazy Little Thing Called Love", wimbo mwepesi wa mtindo wa Elvis Presley, na mwaka 1980 ukafika nambari moja Marekani. Hakuna aliyelalamika sana. Mwaka huo huo wa 1980 ikatoka santuri ya The Game, na humo ndimo sinthesaiza ilimoingia kwa mara ya kwanza. Kiapo kikavunjwa kimya kimya, na santuri ikashika nambari moja Marekani na Uingereza pia.

Ndani ya The Game mlikuwa na wimbo wa John Deacon, "Another One Bites the Dust". Wimbo huu unaendeshwa na besi, si gitaa la Brian. Roger Taylor hakuupenda kamwe. Inasemekana Michael Jackson ndiye aliyewashauri wautoe peke yake kama santuri ndogo. Vituo vya redio vya Wamarekani Weusi vikaupiga, vilabu vya dansi vikaupiga, na Oktoba 1980 ukawa nambari moja Marekani kwa wiki tatu. Je, ungekuwa wewe ni Freddie au John, ungefanya nini? Ungerudi kisimani pale pale ulipopata maji. Nao ndivyo walivyofanya.

Mwezi wa Mei 1982 wakatoa Hot Space. Ama kwa hakika santuri hiyo ilikuwa kioja kwa mtu aliyezoea Queen ya zamani. Upande wa kwanza karibu wote ulikuwa wa dansi: besi ya kinanda, mashine ya kupiga ngoma, tarumbeta, na lile gitaa la mbao za jiko likiwa limesukumwa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Katika "Body Language", utunzi wake Freddie, gitaa karibu halisikiki kabisa. Bendi yenyewe ilikuwa imegawanyika. Freddie na John walivutia upande wa dansi, Brian na Roger wakawa wananung'unika. Mashabiki nao wakaona kama wametapeliwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wao waliona tembo lao limetiwa maji debe zima.

Kulikuwa na jambo lingine zito zaidi, hasa kule Marekani. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji mmoja wa redio ya roki alilipua rundo la santuri za disko kati ya mechi mbili za besiboli. Maelfu ya vijana wakavamia uwanja hata mechi ya pili ikashindwa kuchezwa. Disko ulikuwa muziki uliolelewa na Wamarekani Weusi, na watu wa asili ya Amerika ya Kusini, na wapenzi wa jinsia moja. Kwa hiyo si wote waliochoma santuri walikuwa wakitetea gitaa. Wengine walikuwa wakifukuza watu. Freddie naye mwaka 1980 alikata nywele, akafuga masharubu, mtindo wa wanaume wa vilabu hivyo. Ati mashabiki wakaanza kumrushia nyembe jukwaani ili ajinyoe! Baadhi yao walimrushia kwa mzaha, lakini si wote.

Tarehe 5 Juni 1982 Queen walipiga uwanjani Milton Keynes, Uingereza. Kabla ya kuanza nyimbo mpya, Freddie alizungumza na umati. Aliwaambia kwamba sasa watasikia nyimbo chache za mtindo wa fanki wa watu Weusi, na kwamba hiyo haina maana kwamba bendi imepoteza roho yake ya roki. Kisha akaongeza kwamba hii ni santuri tu jamani, na akashangaa kwa nini watu wanapandwa na jazba kiasi hicho. Halafu akaimba. Hakuomba radhi, wala hakuahidi kwamba hatarudia.

Hapa, wasomaji, mimi naona mambo mawili. Kwanza, shabiki ana haki yake. Kijana aliyeweka akiba wiki nyingi ili anunue santuri, akaenda nyumbani mbio, akakuta mdundo asioutaka, huwezi kumwambia eti ni santuri tu. Kwake si santuri tu. Tena nakiri kwamba nyimbo kadhaa za upande ule wa kwanza ni chapwa, zimeanza vizuri zikakwama njiani. Pili, hao hao waliodai Queen ya zamani walikuwa wakiipenda bendi ambayo kila mwaka ilikuwa imebadilika. Walichokitaka ni mabadiliko wanayoyajua. Waliwaruhusu kuchanganya roki na opera, ambao ni muziki wa mabwana wakubwa wa Ulaya, lakini wakichanganya na muziki wa Weusi, hapo ikawa mwiko. Swali hili bado linanikera, na sidhani limekwisha hata leo.

Gharama ilikuwa kubwa. The Game ilikuwa nambari moja Marekani, Hot Space ikaishia nambari 22. Ziara yao huko ilimalizika Los Angeles mwezi Septemba 1982, na Freddie hakufanya tena ziara na Queen nchini humo maisha yake yote. Mwaka 1984 walitoa "I Want to Break Free", na katika filamu ya wimbo huo wote wanne walivaa nguo za kike, Freddie akisukuma mashine ya kufyonza vumbi huku masharubu yake yakiwa pale pale. Waingereza walicheka, kwa sababu walijua ni mzaha wa mchezo wao mmoja wa televisheni. Wamarekani hawakucheka. Januari 1985 alipotokea Rio de Janeiro na matiti ya bandia ili auimbe, watu wakamtupia vitu jukwaani. Kwa wengi huko ulikuwa wimbo wa ukombozi, na hawakupenda ufanyiwe utani. Kosa lao kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, halikuwa la mdundo. Oktoba 1984 walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, na chama cha wanamuziki wa Uingereza kikawatoza faini. Hapo sina la kuwatetea.

Ndipo ikaja Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Filamu ile inaonyesha kwamba bendi ilikuwa imevunjika na Freddie alikwisha kujua kuwa ni mgonjwa. Si kweli. Walikuwa wametoka ziarani Japani miezi michache tu kabla yake, na habari za ugonjwa zinawekwa mwaka 1987. Walipewa dakika ishirini hivi. Hawakupiga hata wimbo mmoja wa Hot Space. Lakini walipiga "Radio Ga Ga", wimbo wa sinthesaiza na mashine ya ngoma mwanzo hadi mwisho, na watu 72,000 wakainua mikono na kupiga makofi kwa pamoja. Kile kilichokuwa dhambi mwaka 1982 kilikuwa sherehe mwaka 1985.

Onyesho lake la mwisho na Queen lilikuwa Knebworth tarehe 9 Agosti 1986. Baadaye alifanya tena lile lile la kuwashangaza watu: mwaka 1988 alitoa santuri nzima ya Barcelona pamoja na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI, na kesho yake akafariki nyumbani kwake London, akiwa na miaka 45.

Tarehe 20 Aprili 1992 wenzake watatu waliandaa tamasha la kumkumbuka pale pale Wembley. Waimbaji wengi walisimama kushika nafasi yake. Zucchero wa Italia aliimba "Las Palabras de Amor". David Bowie na Annie Lennox wakaimba "Under Pressure", na uwanja mzima ukaitikia. Nyimbo zote mbili zimo ndani ya Hot Space.