Vygotsky na Suala la Mtoto Kujisemesha

Lev Semyonovich Vygotsky alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Orsha, ulioko Belarusi ya leo, akakulia Gomel katika familia ya Kiyahudi. Sheria za dola ya Urusi wakati huo zilibana idadi ya Wayahudi walioruhusiwa kuingia vyuo vikuu. Hata hivyo, alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Moscow, akasomea sheria. Baada ya mwaka 1917 alirejea Gomel kufundisha. Mwaka 1924 mhadhara alioutoa Leningrad uliwavutia wanasaikolojia, naye akaitwa katika Taasisi ya Saikolojia ya Moscow, ingawa tayari alikuwa akiugua kifua kikuu.

Suala lililomshughulisha zaidi lilikuwa uhusiano baina ya fikra na usemi. Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa mwaka huohuo, alikuwa amedai mwaka 1923 kwamba mtoto mdogo hujisemesha kwa kuwa bado hawezi kuzingatia mtazamo wa msikilizaji, na kwamba tabia hiyo hufifia kadiri anavyokua. Vygotsky aliyapima madai hayo kwa majaribio. Watoto waliokuwa wakichora walikoseshwa kwa makusudi karatasi au penseli waliyoihitaji. Kujisemesha kwao kukaongezeka karibu maradufu. Walipowekwa miongoni mwa watoto viziwi, au wenye kusema lugha ngeni kwao, kulipungua sana. Kwa mujibu wa Vygotsky, basi, usemi huo huzaliwa katika mazungumzo na watu, kisha humsaidia mtoto kuyakabili matatizo yake. Haufi, bali huingia ndani na kuwa usemi wa kimya ambao ni nyenzo ya fikra za mtu mzima.

Vygotsky alifariki Juni 1934, akiwa na umri wa miaka 37. Kitabu chake kuhusu fikra na usemi kilitoka mwaka huohuo, baada ya kifo chake. Mwaka 1936 Chama cha Kikomunisti kilipiga marufuku pedolojia, yaani taaluma ya makuzi ya mtoto aliyoitumikia, na kitabu hicho hakikuchapishwa tena hadi mwaka 1956. Tafsiri ya Kiingereza ilipotolewa mwaka 1962, Piaget aliandika maoni yake, akakiri kwamba kujisemesha ndicho chanzo cha usemi wa ndani. Hoja hiyo ilikuwa imejibiwa, lakini aliyeitoa alikuwa amekwisha kufa miaka 28 kabla.