Sheikh Ramiya wa Bagamoyo: aliyeingia mjini mgeni wa lugha akawa mwalimu wa mji

 

Kijana wa Litumbandyosi, kule Mbinga, anapovuka bahari kuja Unguja au Pemba kutafuta riziki, kinachochekwa si rangi yake, kwani wengi wetu tuna rangi hiyo hiyo. Kinachochekwa ni lafudhi yake. Je, huo nao ni ubaguzi wa rangi, au ni mzaha tu? Tulitazame suala hili kupitia maisha ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Manyema, mashariki ya Kongo, katika karne ya 19. Alitiwa utumwani na kufikishwa Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara iliyopitia Ujiji na Tabora. Huko akawa mtumwa wa Amir bin Sulaiman, wa ukoo wa Lamki. Njia nyengine ya watumwa ilitoka Ziwa Nyasa, ikapita nchi za kusini hadi Kilwa, na waliofika visiwani kwa njia hiyo wakaitwa Wanyasa. Kwa hiyo mkasa wa Yahya wa Manyema ni mkasa wa wazee wa upande wa Ruvuma pia.

Watu wa pwani wakati ule walikuwa na majina yao ya kuwapanga watumwa. Aliyezaliwa hapa hapa aliitwa mzalia. Aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua Kiswahili wala desturi za mji, aliitwa mjinga. Neno hili tunalowatupia watoto wetu leo lilikuwa ni jina la mgeni ambaye ulimi wake haujazoea. Watu wa bara kwa jumla waliitwa washenzi. Wengi waliotukanwa hivyo walifanana rangi na waliowatukana. Ulimi ndio uliowafichua, kwa sababu ulieleza mtu katoka wapi na kaja vipi.

Yahya aliingia mjini kwa mlango huo. Akaizoea lugha ya pwani, akafanya biashara, akapata mali. Kubwa zaidi, akaitafuta elimu ya dini kwa juhudi mpaka akawa mwenye kusomesha, akafungua madrasa. Akapewa ukhalifa wa twarika ya Qadiriyya, na kwa mkono wake Bagamoyo ikawa miongoni mwa vituo vikubwa vya twarika hiyo katika bara zima la Tanganyika. Mwaka 1916, Waingereza walipoutwaa mji kutoka kwa Wajerumani, wakamweka kuwa liwali. Aliyeletwa mtumwa akakalia kiti cha uliwali katika mji ule ule. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe, Sheikh Muhammad, akashika nafasi yake.

Tuzingatie jambo hili. Elimu ya Sheikh Ramiya ilimpandisha mbele ya watu, lakini heshima yake mbele ya Mola wake haikuanza siku alipojua Kiswahili fasaha. Siku alipofika na lugha ya kwao alikuwa ni mwana wa Adam aliyekirimiwa, na aliyemcheka siku hiyo alikuwa ni mwenye kukosea.

Sasa turudi kwenye suala letu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1965 dhidi ya ubaguzi wa rangi, katika maelezo yake ya ubaguzi, unataja rangi, nasaba na asili ya taifa au kabila, wala hautaji lugha. Kwa hiyo wapo wanaosema kudharau lugha ni jambo jengine. Lakini katika Surat Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu amezitaja tafauti za ndimi na za rangi pamoja, na zote amezifanya ni ishara zake. Katika Surat Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kudharau watu wengine na kuitana majina mabaya. Na Mtume, rehma na amani zimshukie, katika khutba ya kuaga alikanusha ubora wa Mwarabu juu ya asiyekuwa Mwarabu, pamoja na ubora wa rangi juu ya rangi, isipokuwa kwa uchamungu. Basi anayedharau ulimi wa mtu kwa sababu unaonesha kwao ni wapi amedharau asili yake, na hukumu yake ni ile ile hata likibadilishwa jina.

Hapa pana mpaka wa kuchungwa. Kumsahihisha mtu matamshi ya Qur'ani si ubaguzi, bali ni wajibu wa mwalimu. Hata hivyo, imepokewa katika hadithi sahihi kwamba anayesoma kwa taabu ana malipo mawili. Basi mwalimu amsahihishe mwanafunzi wake wala asimwigize mbele ya wenzake.

Wazazi, tuwakataze watoto kuigiza lafudhi ya msaidizi wa nyumbani, ya mchuuzi au ya mwenzao wa skuli. Na sisi wakubwa tuanze, kwani kwetu ndiko wanakojifunza.

Wallahu a'lam.